Aliyebebwa Hadi Pangoni

Nyumba ya tatu, nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Baba mdogo hajambo? Na wanao pacha, bado wanagombania kiti cha dirishani, au siku hizi wameshakuwa watu wazima wasiotaka hata kutazama nje? Nasikia baridi ya huko imeanza kuuma. Tafadhali usivae lile koti kuukuu kwa kiburi cha kusema bado linafaa. Mama anasema unalo tangu hujaolewa.

Sisi huku tupo. Nikiandika "hatujambo" nitakuwa nimesema ule uongo wa adabu tunaousema mlangoni, kwa hiyo acha niseme tupo. Mimi nina afya, kazi ipo, na bomba la uani limetengenezwa hatimaye, ingawa fundi ameliacha likikoroma kama mlevi. Habari za mama ni ndefu, na ndizo zilizonifanya niache simu nikashika kalamu. Juzi ulipopiga ukaniuliza, "Mwanangu, ilikuwaje?", nilisingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu, Meneja wetu, alianza na mafua ya kawaida ambayo nyumba nzima tuliugua. Sisi tulikohoa tukapona. Yeye kifua chake unakijua, kilibanwa na ule mgongo uliopinda hata kukohoa ilikuwa kazi. Daktari akasema ni nimonia, akalazwa, akawekewa hewa puani. Lakini umeneja hakuuacha. Alimwagiza muuguzi afungue pazia la upande wa jua, akamkaripia mgonjwa wa kitanda cha pili kwa kulalia mkono wenye sindano, akataka kujua nani anamsimamia mama nyumbani asinyanyue ndoo. Mimi akaniuliza, "Dada, wateja wako hawajambo?" Ndivyo alivyoiita mifupa ninayoifanyia kazi makumbusho. Nikamjibu, "Hawajambo, hakuna aliyelalamika." Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile hakikumwachia.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa anamfuta uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Meneja alishusha pumzi, hakuvuta nyingine. Mama aliendelea. Alimaliza uso, akamfuta shingo, akamfuta nyuma ya masikio kama mtoto anayepelekwa shule, mpaka muuguzi alipokuja akamshika mkono taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mama mdogo. Hakuteseka muda mrefu, na hakuwa peke yake.

Siku ya mazishi watu walijaa hadi barabarani. Nilishangaa mtu asiyetoka nyumbani alipataje marafiki wengi kunishinda mimi ninayezunguka mjini kila siku. Kinyozi alifunga duka. Yule muuza magazeti aliyekuwa akibishana naye mpira kupitia dirishani alilia kuliko wote. Mama hakulia. Alikaa wima, na watu wakapita mbele yake mmoja mmoja, wakamshika mkono wakimwambia, "Pole sana, lakini sasa umepumzika." Kila aliyesema vile nilimwona mama anazidi kujikunja, kama jani linaloshikishwa moto.

Kisha akasimama baba mkubwa. Unamjua, hatukumpa jina la Spika bure. Akasema, "Tumshukuru shemeji yetu. Amefanya ambalo hata wazee wa kale hawakulifanya. Enzi zile mtoto wa namna hii aliachwa porini, na maisha yakaendelea. Yeye amembeba miaka yote hii!" Alidhani anasifia, na watu waliitikia kwa vichwa. Mama aliinua macho akamtazama, halafu akayashusha chini, na nadhani hakuyainua tena kwa majuma kadhaa.

Nyumbani hakula. Nikimwekea chai, inapoa na utando juu. Alikuwa anakaa kwenye kitanda cha Meneja, upande wa ukutani, akiacha nafasi ya mtu. Mwili wake ulikuwa bado na saa za mwanawe ndani: ikifika wakati wa kumgeuza, mikono inanyanyuka yenyewe inapapasa shuka. Nikipita nikaliona lile, narudi jikoni kujifanya natafuta chumvi.

Siku moja nikakaa karibu naye. Nikamuuliza, "Mama, unawaza nini?"

Alilainisha mto wa Meneja kwa kiganja. Kisha akasema, "Nawaza kama nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Kumzuia. Kama zamani waliwaacha, pengine walijua kitu mimi sikijui. Pengine mtoto alitaka kwenda, mimi nikamng'ang'ania kwa ajili yangu mwenyewe. Alikuwa akiumwa sana, unajua. Alikuwa anaficha kwa mizaha."

Mama mdogo, mimi ndiye niliyesomeshwa na kulipwa kujua habari za watu wa zamani. Nilimshika tu mkono, ukiwa baridi.

Sasa nikueleze kuhusu kazi, kwa sababu ndiko mambo yalikogeukia. Kabla Meneja hajaugua, mafundi wa barabara walikuwa wanakata kilima kimoja nje ya mji wakakuta pango lililozibwa na mawe. Sheria inataka watuite kabla hawajaendelea, na safari hii walitii. Wenzangu walichimba msimu mzima, greda likiwa linanguruma chini likiwasubiri. Mimi sehemu kubwa sikuwepo, nilikuwa hospitalini, halafu msibani. Niliporudi kazini nilikuta mezani kwangu mtu mzima mzima, amefungwa na udongo wake ndani ya plasta ngumu kama ya mguu uliovunjika, akinisubiri mimi mtu wa mifupa.

Umewahi kuniuliza mara nyingi: watu wasiojua kuandika, waliokufa kabla hata ya mji wa kwanza kujengwa, mnajuaje habari zao? Tunajua kwa walichoacha, na kwa mahali walipokiacha. Udongo hulala tabaka juu ya tabaka. Lililo chini ni la zamani kuliko lililo juu, isipokuwa mtu amechimba shimo akavuruga. Ndiyo maana tunachimba kwa mwiko wa fundi na brashi, tukiteremka kidogo kidogo na kupiga picha kila tulipofika, na kila ndoo ya udongo inachekechwa. Mkaa wa moto wao tunaupeleka maabara: kila kilichokuwa hai kina kitu ndani yake kinachopungua polepole tangu kilipokufa, na kwa kupima kilichobaki tunakadiria umri. Mkaa wa mtu huyu ulisema zaidi ya miaka elfu nne.

Nilianza na nyonga, kwa sababu nyonga ndiyo inayosema kama ni mwanamke au mwanamume. Alikuwa mwanamume. Meno na viungio vikasema hakuwa mtoto wala mzee, alikaribia au alipita kidogo thelathini. Nikapiga brashi nikishuka kwenye mapaja, na brashi ikanisimama mkononi.

Mifupa ya miguu ilikuwa myembamba kama fimbo. Mikono ilikuwa ya mtu mzima, hasa wa kulia, una mabonge pale misuli inaposhika. Lakini miguu ilikuwa imeacha kukua tangu utotoni. Mfupa ni kama njia ya shambani, usipopitwa unafifia. Na pingili za mgongo zilikuwa zimepinda na kushikana, pale pale, upande ule ule. Mama mdogo, mgongo ule nimeuogesha. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido, karibu na ndoo za kudekia, nikalia hadi mfagiaji akaniletea kiti.

Mkuu wetu wa kazi tunamwita Bwana Labda, kwa sababu ukimuuliza kama nje kunanyesha naye amelowa chapachapa, atakujibu labda. Alinikuta pale. Akaniambia, "Binti, naweza kumpa mwingine. Hakuna atakayekulaumu."

Nikamwambia, "Usimpe mtu."

"Basi fanya taratibu. Na usimfanye awe ndugu yako. Yeye ni mtu wa watu wengine."

Nikafanya taratibu. Na kila siku alinipa jambo jipya. Meno yake ya mbele yalikuwa na mifereji midogo, huioni bila darubini, iliyochimbwa na kitu chembamba kilichovutwa meno yakiwa yameuma, tena na tena kwa miaka. Wanaosokota kamba na nyuzi huwa na mifereji ya namna hiyo. Kwa hiyo alikuwa na kazi. Alikaa akiwatengenezea wenzake kamba, na ule mkono wa kulia ulinenepa kwa kazi hiyo.

Kisha nikatazama nyonga na mfupa wa chini wa mgongo kwa kioo cha kukuzia. Unajua vidonda vya kulalia. Vikiachwa vikazidi, hufika hadi mfupani na kuacha makovu. Mtu huyu alikaa na kulala maisha yake yote juu ya mwamba na majani, na mfupa ulikuwa msafi. Nilimwita Bwana Labda aone. "Kuna mtu alikuwa anamgeuza," nilisema. "Walimpenda."

Akavua miwani akaifuta. "Labda alipata vidonda vidogo visivyofika mfupani. Lakini nakubali, aligeuzwa na akasafishwa. Andika kwamba walimtunza. Kumpenda hakuna mashine ya kupima."

Nilikasirika naye siku nzima. Baadaye nikaona yuko sahihi, na nikaandika "walimtunza".

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nimfikirie mama. Meno huumbika utotoni kwa maji na chakula cha mahali ulipo wakati ule, na yakishakomaa hayabadiliki. Kila ardhi ina alama yake ndani ya maji, na maabara wanaweza kuisoma kwenye jino kama unavyotambua lafudhi ya mtu. Majibu yalipokuja, meno yake yote yalikuwa ya maji mengine, si ya kilima kile wala bonde lake. Hata gego la mwisho, lile linaloumbika mtu akikaribia kubalehe, lilikuwa la huko huko mbali. Na miguu ilikuwa imekufa tangu akiwa mdogo. Maana yake ni moja. Watu wake walihama naye akiwa kijana mkubwa, uzito wa mtu kamili, na hawakumwacha njiani.

Nilisoma karatasi ile mara nyingi. Siku hiyo nikamwomba Bwana Labda nimlete mama. Alikuna kichwa. Wageni haturuhusu meza ya mifupa, na mama ni mtu aliye msibani. "Labda itamwumiza," akasema. Nikamjibu, "Ameshaumia." Akaniambia nimlete Jumamosi, ofisi zikiwa tupu.

Kumtoa mama nyumbani haikuwa rahisi. Nilimwambia tu, "Mama, kuna mtu kazini nataka umwone." Akauliza, "Ni mchumba?" Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Hapana, mama. Huyu umri wetu haulingani." Akavaa viatu.

Bwana Labda alimwamkia kwa heshima akamsogezea kiti, mama akakataa kukaa. Alisimama mbele ya meza ile ndefu akatazama tangu fuvu mpaka miguuni. Sikumweleza kitu kwanza. Nilitaka macho yake yafike yenyewe. Yalipofika kwenye miguu yakatulia hapo.

"Naruhusiwa kumshika?"

Nikamvisha mipira ya mikono, mikubwa kwake, vidole vikaning'inia. Akaweka mkono juu ya mfupa wa paja, akaupima kwa dole gumba na kidole cha shahada.

"Ndivyo," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndiyo, mama."

"Alikufa na umri gani?"

"Thelathini na kitu. Kama yeye."

"Na hakutembea?"

"Tangu mtoto hakutembea."

Nikamweleza habari za kamba, na uso wake ukalegea kidogo. "Meneja angemwajiri," akasema. Nikamweleza habari za nyonga isiyo na kovu. Hapo alipitisha tu mkono hewani juu ya mfupa, kama anayenyoosha shuka. Kisha nikamweleza habari za meno na maji ya mbali.

"Unaniambia alibebwa?"

"Alibebwa, mama. Mwendo mrefu, na pango liko juu kilimani. Walimpandisha."

"Na nani?"

"Hatujui."

"Basi Spika ni mwongo," akasema mama, kwa sauti ndogo lakini ya yule mama tunayemjua. "Hawakumwacha."

"Huyu hawakumwacha. Wengine sijui. Huyu hawakumwacha."

Nilidhani tumemaliza, moyo wangu ukaanza kutulia. Lakini ukutani kulikuwa na picha kubwa iliyopigwa kabla plasta haijawekwa. Katika picha ile, mtu wetu amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, jiwe bapa chini ya kichwa. Na pembeni yake, umbali wa mkono mmoja tu, kuna mifupa ya mwanamke mzee, amegeuziwa uso kwake. Wachimbaji walipowafunua waliwaita mama na mwana siku hiyo hiyo, kwa sababu ukiwaona hakuna jina lingine linalokujia.

Mama aliiona picha. Akaisogelea, akaweka kidole chake chenye mpira kwenye kioo cha picha.

"Na huyu," akasema, "ni mama yake."

Bwana Labda alinitazama, kisha akatazama sakafu. Aliniachia mimi.

Mama mdogo, ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na mama angerudi nyumbani amepona. Nani angeniumbua? Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini mama yangu hajawahi kunidanganya, hata siku baba alipofariki nikiwa kitoto cha kudanganyika. Nikaona nikimpa uongo hapa, na yale yote ya kweli niliyomwambia yatakuwa uongo pia.

"Hapana, mama," nikasema. "Tulidhani hivyo sisi sote. Lakini kaburi la huyu mwanamke limechimbwa kutoka tabaka la juu, na mkaa wake umepimwa. Alikuja baadaye sana. Miaka mia tatu hivi baada yake. Waliomzika yeye pengine hata hawakujua kwamba kuna mtu hapo."

"Miaka mia tatu."

"Karibu na hapo."

"Kwa hiyo muda wote huo alilala peke yake."

"Kaburini, ndiyo, mama. Peke yake."

Alibaki na kidole kwenye kioo. Halafu akageuka, akarudi mezani, akashika ukingo kwa mikono miwili, na kilio kikatoka. Hakikuwa cha kujizuia, kilikuwa kilio cha sauti kamili, kile tulichokisubiri tangu hospitalini. "Mwanangu! Mwanangu yuko peke yake! Mwanangu amelala huko peke yake, na mimi niko huku!" Bwana Labda alifunga mlango akabaki nje, akituachia chumba. Mimi nikamkumbatia mama kwa nyuma, tukalia pamoja juu ya mtoto wa watu wengine, mpaka akakubali kiti.

Baadaye alinyamaza, akauliza kama tutamrudisha. Ilinibidi nimwambie pango halipo tena, barabara imepita. Anakaa kwetu, ndani ya sanduku lililotengenezwa kwa vipimo vyake. Mama akasema, "Msimgandamize na vitu juu." Nikamwahidi, na nimetimiza.

Njiani alisema ana njaa. Tuliingia kwenye mkahawa wa kwanza tuliouona, akala mkate na chai, kisha akala na nusu ya wangu. Sikuambii kwamba amepona. Analia bado, na zipo siku hanyanyuki. Kiti cha magurudumu bado kiko uani na hataki mtu akiguse. Lakini anakula, na macho ameyainua.

Jumapili iliyopita Spika alikuja kutusalimu. Alikuwa hajamaliza kukaa, mama akamwambia, "Shemeji, yale uliyosema kuhusu watu wa kale si kweli. Nimemshika mmoja wao kwa mikono yangu." Spika akamalizia kukaa. Kisha, namshukuru kwa hili, akasema, "Nisamehe, shemeji. Nilisema nisilolijua." Na akanywa chai yake bila hotuba, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu.

La mwisho ni lako wewe, na nimeliacha nyuma kwa kuwa ndilo zito. Katika mkahawa ule, mama aliposhiba, aliniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Mimi wakati ule nilikuwa nimepelekwa kwa bibi. Aliniambia habari za homa iliyochukua miguu ya Meneja, alipokuwa na miaka mitatu. Baba alikuwa safarini kikazi. Mama alikuwa kitandani, mimba inamtoka, hawezi hata kukaa. Mvua ilikuwa imebeba daraja, na hakuna gari lililokubali kuja. Na wewe, msichana wa miaka kumi na minne uliyekuja kumsaidia dada yako kufua, ulimfunga mtoto mgongoni kwa shuka ukatoka. Ulivuka mto kwa kushika kamba. Ulifika hospitali huna viatu.

Mama anasema tangu siku hiyo hujawahi kumtazama yeye usoni, Meneja akiwa katikati yenu. Anasema alikusikia siku moja ukimwambia bibi kwamba ulipumzika njiani, chini ya paa la duka, kwa sababu mikono ilikufa ganzi, na kwamba kama usingepumzika miguu ingepona. Anasema hakujua namna ya kukujibu, halafu ukaolewa, ukaenda mbali, na miaka ikawafunika nyote wawili.

Sasa amesimama nyuma ya kiti changu, ameniambia niandike kama anavyosema, nisipambe. "Mwambie hakuchelewa. Daktari aliniambia mimi mwenyewe: miguu ilikuwa imeshaondoka kabla hawajatoka nyumbani, kilichokuwa kinafuata ni pumzi. Mwambie alinipa miaka ishirini na minane ya mwanangu. Nilipaswa kumwambia zamani. Ukipumzika na mzigo mgongoni hujautupa."

Ukimpigia mama simu, tafadhali usimwambie kwamba sasa amepumzika, kama walivyomwambia msibani. Muulize habari za Meneja tu, alipenda nini, alisema nini. Anayo mengi, na watu wanaogopa kumuuliza.

Msalimie sana baba mdogo, na pacha wote wawili, na yule wifi yako mcheshi wa ghorofa ya juu. Mjomba anawasalimu, kinyozi anawasalimu, hata Spika anawasalimu. Bibi anasema picha uliyomtumia ameiona lakini umekonda, ule vizuri.

Mungu akulinde huko uliko, mama mdogo, akupe usingizi mtamu, na aubariki mgongo wako uliombebea dada yako mwanawe.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,

Binti wa dada yako.